Kazi ya katibu wa kamati katika Bunge la Jimbo la Nevada: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu kasi ya kuandika

Dada, nimelisoma swali lako kwa makini. Una cheti cha uhazili ulichokipata Tanzania, ulifikia maneno 80 kwa dakika katika hatimkato (uandishi wa haraka kwa alama fupi), sasa unaishi Reno, jimboni Nevada, Marekani, na umeona tangazo la nafasi ya katibu wa kamati katika Bunge la Jimbo la Nevada kule Carson City. Unataka kujua kama kasi hiyo inatosha. Nimeifanya kazi hiyo katika zaidi ya mkutano mmoja wa Bunge hilo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Kasi yako inatosha. Lakini kasi siyo itakayokupa heshima mbele ya mwenyekiti wa kamati, na ndiyo sababu nimeona nikuandikie kwa urefu.

Kwanza uyajue mazingira. Bunge la Nevada lina wajumbe 63: 42 katika Baraza la Wawakilishi na 21 katika Seneti. Hukutana katika miaka ya namba witiri pekee, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Februari, na tangu wananchi walipopitisha marekebisho ya katiba mwaka 1998, mkutano hauruhusiwi kuvuka siku 120. Kwa sababu hiyo watumishi wengi wa kamati, makatibu wakiwemo, huajiriwa kwa mkutano husika tu, na shughuli ambayo kwingine ingesambazwa mwaka mzima hubanwa ndani ya miezi minne. Ukipangiwa kamati yenye miswada mingi, kama ile ya masuala ya mahakama na jinai, utakuwa ukumbini saa mbili asubuhi karibu kila siku ya kazi, na kuelekea ile tarehe ya mwisho ya Aprili ambayo muswada usiopitishwa na kamati unakufa, vikao hurefuka hadi ukasahau chakula cha mchana.

Sasa nieleze kwa nini naiheshimu kazi hii. Wewe na mimi tumezoea Taarifa Rasmi za Bunge la Dodoma, ambamo mchango wa mbunge ukumbini huandikwa neno kwa neno. Nevada si hivyo. Jarida la kila siku la ukumbi mkuu hurekodi hasa hoja na kura, na maelezo ya mjumbe huingizwa humo pale tu yanapoombwa yaingizwe. Mjadala wenyewe, yaani maswali, mashaka, ahadi na ufafanuzi, unapatikana katika kumbukumbu za kamati. Miaka mingi baadaye, mawakili wawili wakivutana mahakamani kuhusu kifungu chenye utata, watakwenda kutafuta katika kumbukumbu hizo watunga sheria walikusudia nini, na Mahakama ya Juu ya jimbo nayo huzirejea sheria inapokuwa haieleweki kwa maneno yake yenyewe. Mtu atakayeathiriwa na hukumu hiyo hakuwemo ukumbini. Anategemea kwamba wewe ulisikiliza vizuri.

Kwa hiyo ukiwa mezani kwako, sikio lako liwe kwenye maswali kuliko hotuba. Mwenye muswada akisoma maelezo yake ya utangulizi, mara nyingi karatasi yake itakabidhiwa na kuwa kiambatisho, na hata ukipitwa na sentensi utaikuta humo. Hatari iko pale mjumbe anapoinua kichwa na kuuliza, tuseme: hiki kifungu cha pili kinamhusu pia mwenye nyumba anayepangisha chumba kimoja nyumbani kwake? Mwenye muswada anaitikia kwa kichwa, kisha anasema kwa sauti ya chini, isipokuwa kama wanaishi pamoja. Kinasa sauti hakikuona kichwa kikiitikia, na huenda kimeyapata yale maneno ya mwisho nusunusu kwa sababu aligeuka mbali na kipaza sauti. Katika dondoo zako lazima kuwe na saa, jina la aliyeuliza, jina la aliyejibu, na kwamba jibu lilikuwa ndiyo lenye sharti. Dondoo hizo za mkono, zilizoandikwa papo hapo, ndizo zitakazokuokoa utakapokaa na hedifoni na pedali ya mguuni kuisikiliza rekodi upya. Hapo ndipo hatimkato yako itakapokufaa kuliko unavyodhani, kwani wenzangu wengi hawakuwa nayo.

Uandishi wenyewe huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyotarajia. Saa moja ya kikao chenye mabishano huweza kula nusu siku ya kazi, kwa kuwa kila jina, kila cheo, kila namba ya muswada na ya kifungu lazima ihakikiwe kabla ya waraka kwenda kwa mhariri na hatimaye kwa mwenyekiti aidhinishe kwa sahihi yake. Majina ndiyo yanayochosha. Watoa maoni hutakiwa kutaja jina na kulitamka herufi kwa herufi kwa ajili ya kumbukumbu, lakini mtu mwenye hofu husahau, hasa yule anayezungumza kwa video kutoka Las Vegas, ambako ni safari ya takriban saa saba kwa gari kutoka Carson City na ndiko wanakoishi wakazi wengi wa jimbo. Usione haya kumpelekea mwenyekiti kikaratasi cha kumwomba arudie kuuliza jina. Wenyeviti wazuri hushukuru. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuna faida moja hapa: tumezoea kusikia Kiingereza cha lafudhi nyingi, na mzee wa Kifilipino au mama wa Kimeksiko anapotoa ushahidi, hatupotei haraka.

Utajiuliza urekebishe lugha ya msemaji kwa kiasi gani. Mwongozo wa uandishi utakaopewa utakuelekeza kuhusu vikorombwezo (milio kama mmm na aaa), maneno yaliyorudiwa na sentensi zilizokatika, na uufuate. Zaidi ya hapo, msimamo wangu ni huu: safisha kigugumizi, usiguse maana, na usimpandishe wala kumshusha mtu. Nilipokea simu ya mtoa maoni aliyetaka neno moja alilolisema kwa hasira libadilishwe liwe la upole. Nilimweleza kwa adabu kwamba alichokisema ndicho kilichosikika na wajumbe, na kwamba anaweza kuwasilisha maelezo ya ziada kwa maandishi yakaambatishwa kwa utaratibu unaokubalika. Alikubali. Vilevile utamsikiliza mzazi aliyefiwa akizungumza kwa machozi, na utayasikia maneno yake mara tatu au nne kwenye hedifoni kabla hayajakaa sawa kwenye ukurasa. Siku kama hizo nilikuwa nikitoka nje kidogo kupunga upepo kwanza. Mzazi huyo alisafiri ili maneno yake yabaki, na anastahili yaandikwe kama alivyoyasema.

Siku ambazo kamati inapigia kura miswada ni rahisi kidogo, ila hazisamehe. Hoja huandikwa kwa herufi kubwa: nani aliitoa, nani aliiunga mkono, ni ya kupitisha muswada kama ulivyo au pamoja na marekebisho, na nani alipinga au hakuwepo. Marekebisho yakisomwa kwa mdomo dakika za mwisho, usiandike ulichokisia. Muulize mchambuzi wa sera wa kamati, ambaye kwa kawaida huwa na maandishi yake mbele yake. Viambatisho navyo hupewa herufi, A ikiwa ajenda na B orodha ya mahudhurio, kisha vingine kwa mfuatano wa kuwasilishwa.

Kuhusu maisha, kutoka Reno ni mwendo wa takriban nusu saa barabara ikiwa shwari. Februari na Machi theluji hushuka kutoka milima ya Sierra Nevada, na upepo wa bonde la Washoe ni mkali kweli, kwa hiyo ondoka mapema. Mkutano ukifungwa mwanzoni mwa Juni, wajumbe huenda makwao, lakini makatibu wengi hubaki kumalizia kumbukumbu zilizorundikana. Usipange safari ya Dar es Salaam kwa wiki hizo.

Kabla ya kutuma maombi, jipime hivi. Tovuti ya Bunge hilo ina video za vikao vya kamati vilivyopita pamoja na kumbukumbu zake zilizoidhinishwa. Chagua kikao chenye ubishi, tafuta dakika ishirini ambazo wajumbe wanamhoji mwenye muswada, ziandike bila kutazama kumbukumbu, kisha ulinganishe na waraka uliochapishwa. Usihesabu makosa ya herufi. Tazama kama kila swali lina jibu lake, kama umempa kila mtu maneno yake mwenyewe, na kama masharti yote, yale ya isipokuwa na yale ya endapo, yamo. Ukiona yamo, tuma maombi yako bila wasiwasi, na ukipenda niandikie nikuangalizie barua yako kabla hujaituma.