Kitunguu kwanza, nadharia baadaye

Wadogo zangu mnaoanza biolojia, nadharia ya seli mtakutana nayo mapema sana, na wengi wenu mtaipita mbio. Ni sentensi tatu tu. Kila kiumbe hai kimeundwa kwa seli moja au zaidi. Seli ndiyo kizio cha msingi cha uhai. Kila seli hutokana na seli nyingine iliyoitangulia. Mtu anazikariri jioni moja, anaziandika kwenye mtihani, anapata alama zake. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na nimeona waliokariri hivyo wakinyamaza kimya wanapoulizwa swali moja dogo: umejuaje?

Mimi mwenyewe niliwahi kunyamaza. Nilikuwa kidato cha kwanza, tumepewa utando wa kitunguu tuuangalie kwenye hadubini na kuchora. Nilichora ukuta wa seli, kiini (kile kidoa cha ndani kinachoongoza seli), kisha nikapaka kloroplasti, vile vichembe ambavyo mmea hutumia kutengenezea chakula kwa mwanga, za kijani kibichi, safi kabisa. Mwalimu akaniuliza, "Kijani umekiona wapi?" Sikuwa na jibu. Kitunguu hukaa ardhini, gizani, na seli za lile tunguu hazina kloroplasti. Nilikuwa nimechora picha ya kitabuni huku jicho langu likiwa kwenye lenzi. Somo la siku ile sijalisahau, na ndilo ninalotaka kuwapa: hii nadharia ilijengwa na watu waliochora walichokiona, na ilikwama kila mara mtu alipochora alichokitarajia.

Anza na Robert Hooke, mwanasayansi wa London, mwaka 1665. Vitabu vingi vitakuambia kwamba "aligundua seli", kisha vinaendelea. Msiendelee haraka. Hooke alichukua koki, lile gome jepesi la mwaloni linalotengenezewa vizibo vya chupa, akalikata kwa kisu kilichonolewa mpaka kikawa kama wembe. Mara ya kwanza aliutazama uso ule laini akaona dalili za vitundu tu, hakuwa na uhakika. Hapo wengi wetu tungeandika "haionekani vizuri" na kwenda mapumziko. Yeye alikata tena, safari hii kipande chembamba mno, akakiweka juu ya bamba jeusi kwa sababu koki ni nyeupe, akaelekeza mwanga juu yake kwa kioo kinene. Ndipo vikaonekana visanduku vilivyopangana kama sega la nyuki. Kipande chembamba, mandhari nyeusi, mwanga wa kutosha: mambo hayohayo matatu ndiyo yatakayowasumbua maabara.

Kisha akahesabu. Katika urefu wa sehemu moja ya 18 ya inchi alipata visanduku kama 60. Chukua kalamu uzidishe mwenyewe: 60 mara 18 ni 1,080 kwa inchi moja. Kisha 1,080 mara 1,080 mara 1,080 upate inchi ya ujazo: 1,259,712,000. Hiyo ndiyo namba aliyoiandika. Napenda kuwapa wanafunzi hesabu hii kabla ya kitu kingine chochote, maana mtu akishaifanya kwa mkono wake haamini tena kwamba seli ni mchoro wa ubaoni.

Jina alilovipa visanduku vile linatokana na neno la Kilatini *cella*, chumba kidogo. Seli ya mahabusu na seli ya mwilini ni neno moja kwa asili, kwa hiyo mwanafunzi anayedhani ni kichekesho ajue yuko karibu na ukweli. Ila jina hilo lina mtego. Chumba ni kitu kitupu chenye kuta, na kwenye koki Hooke aliona kuta kweli, kwa sababu koki ni seli zilizokufa. Kwenye mimea mibichi aliona vyumba vimejaa majimaji, lakini hakujua majimaji yale ndiyo yenye uhai. Mkiulizwa Hooke aliona nini, msijibu "kiini na saitoplazimu", yaani ute unaokizunguka kiini. Aliona kuta.

Aliyeona viumbe vyenye uhai ni Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati wake. Alisaga lenzi zake mwenyewe, ndogo sana, na moja iliyobaki mpaka leo hukuza mara 270 hivi. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa akakuta vijidudu vinaogelea. Alipoandika barua London kuhusu vijidudu vidogo zaidi, vya mwaka 1676, wengi walitilia shaka, mpaka Hooke aliporudia jaribio lile mwaka 1677 na kuviona kwa macho yake. Hapo mna funzo la maabara: jambo ulilokiona peke yako halijawa ukweli wa wote mpaka mwenzako naye alione.

Baada ya hapo ni kimya cha zaidi ya miaka 150. Sababu kubwa ilikuwa lenzi zenyewe, ambazo zilizungusha rangi kama za upinde wa mvua pembezoni mwa kila kitu. Joseph Jackson Lister alionyesha mwaka 1830 jinsi ya kuunganisha lenzi ili kasoro hiyo ipungue. Mwaka 1831 Robert Brown akakipa jina kiini alichokuwa akikiona kwenye seli za okidi. Mwaka 1838 Matthias Schleiden akasema mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 Theodor Schwann akasema hivyohivyo kuhusu wanyama. Schwann mwenyewe alisimulia kwamba walikuwa mezani wakila, Schleiden akizungumzia viini vya mimea, naye akakumbuka kuwa ameona vitu kama hivyo kwenye wanyama.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo vitabu huiruka. Hao wawili, ambao majina yao mtayaandika kwenye kila mtihani, walikosea kuhusu sentensi ya tatu. Walidhani seli mpya huganda kutoka kwenye ute, kama chumvi inavyojitengeneza maji yakikauka. Robert Remak ndiye aliyezitazama seli za damu za kiinitete cha kuku zikijigawa, na mwaka 1852 akaandika wazi kwamba seli hutoka kwenye seli. Miaka mitatu baadaye Rudolf Virchow akaitangaza kauli hiyo kwa Kilatini, *omnis cellula e cellula*, na sifa ikamwendea yeye. Nawaombeni mumkumbuke Remak. Naona ni haki yake.

Sentensi hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa inaonekana nyepesi. Nikiuliza darasani wadudu wa kwenye unga wametoka wapi, kila mwaka kuna anayejibu kwamba "wamejitokeza tu". Aliyejibu hivyo na kesho yake akaandika "kila seli hutokana na seli nyingine" hajaielewa bado. Mdudu wa unga ametoka kwenye yai, na yai limetoka kwa mama. Louis Pasteur alilazimika kuchemsha mchuzi kwenye chupa zenye shingo ndefu iliyopinda, miaka ya 1860, ili kuonyesha kwamba hata vijidudu havijitokezi vyenyewe.

Ushauri wa mikono. Kata kitunguu maji, toa tabaka moja, upande wa ndani una ngozi nyembamba kama nailoni. Ibandue kwa kibano, itandaze kwenye tone la maji juu ya slaidi, weka tone la ayodini ili seli zishike rangi. Kioo cha kufunikia kishushe taratibu ukianzia upande mmoja, la sivyo hewa itanaswa. Kiputo cha hewa ni duara kamili lenye ukingo mweusi mzito. Seli za kitunguu ni ndefu, zimepangana kama matofali. Wapo wanaochora viputo na kuviita seli, na huwa wamevichora vizuri sana. Anza na lenzi yenye nguvu ndogo kila mara, hata kama una haraka.

Kingine: ielezeni kila sentensi kwa Kiswahili kabla ya kuikariri kwa Kiingereza cha mtihani. Ukishindwa kumweleza bibi yako, hujaielewa. Na tumia mifano ya nyumbani. Ugonjwa wa selimundu, kwa mfano, jina lenyewe linasema: seli ya damu yenye umbo la mundu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa huu hupungukiwa damu. Virchow aliandika mwaka 1858 kwamba ugonjwa tuutafute kwenye seli. Na seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, haiwezi kujigawa. Je, mpya zinatoka wapi? Jibu liko kwenye uboho wa mifupa, na ni sentensi ya tatu ileile.

Virusi mtavijadili baadaye. Havina seli, na haviongezeki bila kuingia ndani ya seli ya mwingine.

Kitunguu kikiisha, chota maji ya dimbwi kwenye kichupa, weka tone moja kwenye slaidi. Andika tarehe, ulikochota na ukuzaji wa lenzi. Chora kila kinachopita mbele yako, hata usichokijua jina, na kitabu kiwe kimefungwa mpaka umalize kuchora.