Rais wa klabu katoa asisti?

Msomaji anayejifunza Kihispania kwa kusoma habari za mpira kaniuliza: "Mwalimu, nimekuta 'el presidente asistió al partido', sasa rais wa klabu katoaje asisti, yaani pasi ya goli, wakati alikuwa kakaa jukwaani?"

Hajatoa kitu, mwanangu, kahudhuria mechi tu. Asistir imetoka Kilatini, kusimama karibu. Ikifuatwa na tukio, iwe darasa, harusi au mechi, ni kuhudhuria, ikifuatwa na mtu, tuseme majeruhi, ndo inakuwa kusaidia, na kwenye soka kumpa mwenzio pasi ya goli wanaiita hivyohivyo kwa hiyo sikulaumu. Ila usikimbilie atender ukadhani ndo kuhudhuria, hiyo ni kuhudumia au kusikiliza kwa makini. Hivi vitenzi viwili na wenzao wa Kiingereza, assist (kusaidia) na attend (kuhudhuria), ni kama walibadilishana jezi baada ya mechi.

Sasa tazama balaa lake. Aprili 22, 2022 wanawake wa Barcelona waliifunga Wolfsburg 5-1 pale Camp Nou, na Mhispania akiandika asistencia ya mechi ile ataweka 91.648 (hiyo nukta ni ya maelfu, siyo desimali). Ni watazamaji hao! Ukifuata Kiswahili chetu cha redioni basi zilipigwa asisti elfu tisini na moja na ushee, goli zenyewe sita, sijui hizo asisti zingine zilikuwa za kufungia nini.

Na hapa ndo nafika kwenye kidonda changu. Nani katuambia hatuna neno? Tuna pasi ya goli, tuna kutengeneza bao, winga anamtilia straika pande, anampenyezea, anamtengea, anamwekea mezani afunge mwenyewe, kila moja unaiona kabisa mpira ulivyopita. Halafu mtu anaacha utajiri wote huo anatuletea "kamwasisti", neno ambalo hata halikuambii kama pasi ilipita juu au chini, na wiki inayofuata anasema "waliasistiana" bila hata kukohoa.

Asisti kama nomino nimeshasalimu amri, imeingia kwenye takwimu na watoto wanaijua kuliko majina ya shangazi zao, ibaki. Lakini mtangazaji akitamka "kamwasisti" nazima redio, hata kama timu yangu ndo inaongoza.