Mzee mstaafu na mnyama wa kufuga

Dada uliyeuliza kama mzee wenu, mwalimu mstaafu wa Masasi, aletewe mbwa kwa sababu anashinda barazani kimya: wazo zuri, ila mwulizeni mwenyewe kwanza. Kama ni mtu wa swala tano, mate ya mbwa ni najisi, yatamsumbua kila akitaka kuswali. Paka hana shida hiyo.

Baba alipostaafu, hapa Mikindani, tulimnunulia mbuzi wawili. Kilichomsaidia si nyama (hajachinja hata mmoja, wanazaana tu). Ni kule kulazimika kuamka. Mbuzi wakianza kulia alfajiri, nani atalala? Anawafungua, anawaswaga hadi mikoroshoni, njiani anasalimiana na watu, anarudi na habari za mtaa mzima. Mwendo ule kwa mwenye presha ni mzuri sana, ingawa vidonge vyake bado anameza. Jioni anawapapasa na kuongea nao kama wajukuu, na uso unamtulia kabisa. Miezi ya kupuliza salfa (dawa ya mikorosho) tu ndiyo tunamzuia kuwapeleka kwenye mikorosho.

Mbuzi wakimshinda nguvu, basi kuku. Chanjo ya mdondo (kideri) kila miezi mitatu, tone moja jichoni. Mkiamua mbwa, chanjo ya kichaa kila mwaka, msiache.

Halafu kubalianeni mapema nani atalisha siku mzee akiugua. Sisi hilo tulilisahau, mbuzi wakamaliza mchicha wa jirani, ikawa kesi hadi kwa balozi wa nyumba kumi.