Umeachishwa kozi ya uafisa, sasa unataka kuingia kama kuruti

Barua nyingi za siku hizi zinatoka kwa vijana wetu walioko Marekani na kwa wazazi wao, na karibu zote zinauliza jambo moja: aliyeondolewa kwenye mafunzo ya uafisa anaweza kurudi jeshini kama askari wa kawaida? Anaweza. Ila inategemea aliondoka kwa sababu gani na karatasi zake zinasemaje, kwa hiyo nitawajibu mmoja mmoja.

Niliondolewa ROTC, yaani mafunzo ya uafisa yanayotolewa chuoni, kwa sababu ya alama za darasani. Afisa uandikishaji anataka "785" yangu. Ni kitu gani, na je, nikikaa kimya kwamba niliwahi kuwa kadeti?

Fomu DD 785 ndiyo kumbukumbu rasmi ya kuondolewa kwenye mafunzo ya uafisa, iwe ni ROTC, chuo cha kijeshi au OCS, kozi ya kuandaa maafisa. Inataja sababu, ina nafasi ya maelezo, na ina sehemu ambapo mkubwa wako anachagua ngazi moja kati ya tano, kuanzia anayependekezwa sana hadi asiyependekezwa kabisa. Vijana wengi wakiona wamewekewa ngazi ya mwisho wanakata tamaa hapo hapo. Hebu soma sehemu hiyo polepole. Inauliza kama unafaa kufikiriwa tena kwa mafunzo mengine ya uafisa. Haijasema hufai kuwa askari.

Kinachopima uzito wako mbele ya afisa uandikishaji ni ile sababu na maelezo yake. Kufeli hesabu kunaelezeka kwa dakika mbili ukiwa na matokeo yako ya chuo mkononi. Udanganyifu kwenye mtihani, dawa za kulevya au kesi ya polisi ni habari nyingine: utahitaji kibali maalumu kutoka ngazi za juu, na wanaweza kukunyima. Kwa hiyo kabla hujakanyaga ofisi yoyote ya uandikishaji, omba nakala ya fomu hiyo kwenye kikosi chako cha zamani na uisome mstari kwa mstari.

Kukaa kimya, hapana. Karatasi za kuandikishwa, ikiwemo DD 1966, zinauliza habari zako za nyuma za kijeshi na unaziwekea sahihi. Kuingia jeshini kwa kuficha jambo kama hilo ni kosa chini ya Kifungu cha 104a cha sheria ya kijeshi ya Marekani. Kijana mwenye alama mbovu tu hana sababu hata moja ya kujitengenezea kosa kubwa kuliko lile alilonalo.

Jeshi linanidai fedha za ufadhili wa ROTC. Rafiki zangu wanasema nikijiandikisha, deni linafutika. Ni kweli?

Hapa naomba utulie kabisa, maana watu wanaumia kwenye jambo hili.

Mkataba wa ufadhili unalipatia jeshi njia mbili za kukudai ukivunja masharti: kukutaka urudishe fedha, au kukuita utumikie kama askari wa kawaida kwa muda uliowekwa. Anayechagua ni jeshi. Wewe unaweza kueleza unachopendelea, lakini uamuzi si wako. Ukiitwa kwa amri chini ya mkataba huo, utumishi wako ndio malipo. Ukienda mwenyewe kwa hiari kujiandikisha, hilo ni jambo tofauti kabisa, na mkataba wa ufadhili wa jeshi la nchi kavu unasema wazi kwamba kujiandikisha baadaye hakukuondolei wajibu wa kulipa. Kwa maneno mengine, unaweza kujikuta umevaa sare, unaamka alfajiri na mapema, na kila mshahara unakatwa deni la chuo.

Fanya hivi. Tafuta mkataba wako, Fomu DA 597-3, uisome sehemu ya kuvunja masharti. Angalia kama mchakato wa kukuondoa umeshakamilika. Kama bado, basi una barua ya taarifa inayokueleza haki zako, pamoja na haki ya kuomba usikilizwe na kupinga uhalali wa deni lenyewe. Siku za kujibu ni chache, na usipojibu wanaendelea bila wewe. Ikiwa unataka kutumikia badala ya kulipa, liseme hilo kwa maandishi wakati huo, kabla ya uamuzi kutoka. Na mtu akikuahidi kwa mdomo kwamba "hilo deni litashughulikiwa ukishaingia", mwombe aliandike kwenye DD 4, yaani mkataba wa kuandikishwa. Ahadi isiyokuwa kwenye mkataba huo au viambatisho vyake haitakusaidia kitu.

Mwanangu ameacha West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la nchi kavu, akiwa mwaka wa pili. Hazungumzi na mtu nyumbani. Je, watamlazimisha kwenda jeshini? Na sisi wazazi tutadaiwa?

Pole sana, mama. Kwa kawaida, anayeondoka kabla ya kuanza masomo ya mwaka wa tatu hana deni la utumishi wala la fedha kwa masomo aliyopata pale. Mpaka wenyewe uko mwanzoni mwa mwaka wa tatu: kuanzia hapo, akiondoka anaweza kuamriwa kutumikia kama askari au kurudisha gharama. Wazazi hamhusiki na deni hilo.

Akija kusema anataka kujiandikisha, msikilizeni kwanza kabla ya kumshauri. Muulizeni ni kazi gani anaitaka, ufundi wa ndege, tiba, mawasiliano, na kwa nini. Kijana anayeijibu vizuri hiyo anajua anakokwenda. Anayetaka tu kufuta aibu mbele ya ukoo anahitaji miezi kadhaa ya kupumua kwanza, kwa sababu mkataba wa kwanza kwa kawaida unabeba wajibu wa jumla wa miaka 8, ukijumlisha miaka ya kazi kamili na ya akiba.

Nilivunjika mfupa wa mguu kwenye kozi ya maafisa wa Marine, kikosi cha wanamaji, kule Quantico, nikarudishwa nyumbani. Nimepona. Nianze wapi?

Anza na hospitali. Kusanya picha za eksirei za wakati ule na za sasa, pamoja na barua ya daktari wa mifupa inayosema umepona na huna kizuizi cha kukimbia wala kubeba mzigo. Daktari wa MEPS, kituo cha kupimia wanaojiandikisha, ataiona historia hiyo, na akikukataa, kikosi unachotaka kujiunga nacho kinaweza kukuombea kibali cha kiafya. Kila kikosi kina uamuzi wake, kwa hiyo kukataliwa na Marine hakumaanishi jeshi la anga nalo litakataa. Na usiende kupimwa ukiwa bado unachechemea.

Nina green card. Nilihudhuria masomo ya ROTC lakini sikuruhusiwa kusaini mkataba kwa sababu si raia. Naweza kujiandikisha?

Ndiyo, na wewe uko kwenye hali nzuri kuliko unavyodhani. Kamisheni, yaani cheo cha uafisa, inahitaji uraia, lakini mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kuwa askari wa kawaida. Kwa kuwa hukusaini mkataba, muulize mkuu wa kikosi chako kama kuna fomu yoyote ya kuondolewa iliyojazwa, huenda haipo. Kazi zinazohitaji kibali cha siri za serikali zitakuwa zimefungwa kwako mpaka upate uraia. Ukiwa jeshini unaweza kuomba uraia kwa kupitia utumishi wako: unajaza N-400, jeshi linathibitisha utumishi wako kwenye N-426, na hulipi ada ya maombi.

Nikiingia, nitaanza na cheo gani? Na mlango wa uafisa umefungwa moja kwa moja?

Masomo yako ya chuo hayapotei. Jeshi la nchi kavu linamwanzisha mwenye krediti 24 kwenye ngazi ya E-2 (ya chini kabisa ni E-1), mwenye 48 kwenye E-3, na mwenye shahada ya kwanza kwenye E-4. Lakini jiandae kwenda depo kama kuruti wengine wote, hata kama ulikuwa unaongoza gwaride la makadeti.

Mlango wa uafisa haujafungwa. Askari wanaoonekana wanafaa wanarudi kupitia Green to Gold, mpango wa kuwageuza askari wa kawaida kuwa maafisa, au OCS, na hapo ndipo ile 785 itakapotolewa tena mezani, safari hii ikiwa pamoja na tathmini za masajini na makamanda waliokuona ukifanya kazi. Kama fomu yenyewe ina kosa, tuseme imetaja utovu wa nidhamu wakati uliondoka kwa ugonjwa, peleka maombi ya kuirekebisha kwenye bodi ya marekebisho ya kumbukumbu kwa Fomu DD 149. Muda uliowekwa ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, kwa hiyo anza kukusanya ushahidi sasa, kabla wale waliokuwepo hawajahamishwa na kutawanyika.