Swali la lugha: Ule mlio wa televisheni unaficha tusi gani?

Msomaji wa Wete, Pemba, anauliza: "Kwenye tamthilia, mtu akitukana tunasikia 'piii', lakini hata watoto wanajua kilichosemwa. Mlio huo unaficha nini hasa? Na je, kila kinachozibwa ni tusi?"

Haufichi kitu, na anayefichua ni sarufi. Kwa Kiingereza ukiliziba neno moja, maneno jirani hayasemi lilikuwa lipi, kwa sababu sifa za lugha hiyo hazibadiliki kufuata nomino. Kiswahili kina upatanisho. Chukua sentensi hii: "Piii haya yametoka wapi?" Haya na ya- zinatangaza ngeli, na msikilizaji anajaza mavi bila kufikiri. Lau msemaji angetumia tafsida, tungesikia "Piii hiki kimetoka wapi?", yaani kinyesi. Kwa hiyo hata neno likizibwa lote, tunajua kama mtu ametukana au amejistahi! Wanaoziba silabi moja tu wanajisumbua zaidi. Matusi yetu mengi ya nguoni yana silabi mbili, hayana katikati ya kuficha.

Kwenye kitenzi mambo ni kinyume. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa, basi mlio ukikaa juu ya mzizi yanabaki haya: "Ntaku-piii usiku." Huenda alisema ntakupigia, simu tu. Aliyekaa sebuleni na mkwewe anadhani jengine.

Ama kila kinachozibwa si tusi. Tusi la nguoni ni lile linalotaja kilichositiriwa na nguo. Laana ni jambo jengine, na kiapo ni jengine tena. Kiingereza ndicho kinachoyatia yote kapu moja. Ndiyo maana mfasiri anayeandika "Laana!" chini ya picha kila Mmarekani anapojikwaa na kusema damn anapotoka. Mtu wa Unguja akijikwaa husema "Lahaula!"

Wazibaji wa maneno pia hawaangalii muktadha. Karibu, kaa kitako ni adabu kamili, ingawa tako limo ndani. Mvua inakunya ni Kiswahili sahihi, kwani kitenzi nya kina maana zote mbili, ya mvua na ya choo. Bibi akimwita mwenzake shoga yangu anakusudia rafiki yake wa kike. Mhariri aliyezoea matumizi mapya ya kumdhalilisha mwanamume akiliziba, anatia tusi pasipokuwa na tusi. Wakati huohuo mwanaharamu linapita bila mlio, na hilo linagusa nasaba ya mtu na heshima ya mama yake. Kwa maoni yetu ni zito kuliko mavi mara kumi.

Marekani, ambako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1978 kwamba serikali inaweza kuyadhibiti maneno yasiyo na staha redioni na kwenye televisheni, marufuku hiyo huanza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa nne usiku. Kwetu neno la nguoni halina saa. Hutegemea nani amekaa hapo: wari wenyewe kwa wenyewe, au mkwe.

Anayelazimika kuziba, basi aanze kwenye nomino na asiachie mpaka neno la mwisho linalopatana nayo: "Piii-piii-piii wapi?" Ni mlio mrefu, wala haupendezi. Kurikodi upya kwa tafsida ni bora, lakini irikodiwe sentensi nzima. Kosa tunalolisikia ni kubadilisha nomino peke yake, ikatoka "Kinyesi haya yametoka wapi?" Hapo tusi limebaki palepale, na ngeli nayo imevunjwa.