Boganvilia Yangu Ina Majani Tele, Maua Haitoi

SWALI: Mhariri wa ukurasa wa bustani, salaam. Nilipanda boganvilia kando ya ukuta wa nyumba yangu hapa Kisauni, nayo imekua hadi kuupita ukuta, lakini maua yake ni ya kuhesabu. Huimwagilia maji asubuhi na jioni, na kila mwezi huitia samadi ya mbuzi. Ya jirani yangu, ambaye hata haitazami, imejaa maua. Tatizo ni nini?
Mama Mwenye Bustani, Kisauni

JIBU: Mama, salaam zako tumezipokea. Mmea wako si mgonjwa, bali unanyweshwa na kulishwa kupita kiasi, na hiyo ndiyo sababu ya jirani yako kukushinda. Boganvilia, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, hutoa maua mengi zaidi inapopata kiu kidogo. Ikipewa maji kila siku, pamoja na naitrojeni iliyomo kwenye samadi, nguvu zake zote huishia kwenye majani na matawi marefu. Acha samadi kwa sasa. Chomeka kidole kwenye udongo, na umwagilie pale tu unapoukuta mkavu, lakini siku hiyo uyamwage maji mengi ili yafike chini mizizini. Wakati wa kaskazi, majani yakianza kunyauka kidogo mchana, usiingiwe na hofu, kwani hiyo ni dalili kwamba zamu ya maji imefika. Masika yakinyesha, iachie mvua.

Jambo la pili ni jua. Boganvilia huhitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 kwa siku au zaidi, kwa hiyo angalia kama kuna mwembe au mwarobaini unaoutilia kivuli ukuta wako.

Kisha pogoa. Ukilichunguza ua la boganvilia kwa karibu, utaona kwamba zile sehemu tatu za rangi, nyembamba kama karatasi, ni majani yaliyogeuka rangi, na maua yenyewe ni yale madogo meupe yaliyo katikati. Yote hayo huchipuka kwenye matawi machanga, na ndiyo maana tawi kuukuu lililoachwa lijirefushie halikupi kitu. Kila msimu wa maua unapokwisha, punguza matawi marefu kwa makasi makali, ukiwa umevaa glavu nene, kwa sababu miiba yake huchoma vibaya.

Udongo wetu wa mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, ambayo huuzuia mmea kuyapata madini ya chuma. Ukiona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, changanya mboji iliyooza vizuri kwenye udongo unaozunguka shina, bila kuchimba kwa kina.

Ikiwa ukuta wako una kivuli kisichoondoleka, tafadhali usiung'oe mmea huo, kwa maana mizizi yake ni dhaifu na haipendi kusumbuliwa. Afadhali ukate pingili zenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, uzichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, penye kivuli chepesi, hadi zichipue, kisha uzihamishie kwenye vyungu vyenye matundu chini na uviweke juani. Usiwe na haraka ya kubadilisha chungu kinapoonekana kidogo, kwani mizizi iliyobanana huusaidia mmea huu kuchanua.