Wasomaji Wanauliza: Sumu Iliyotangulia Amrita

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Lubumbashi. Mimi ni mama ninayeuza unga wa mahindi katika soko la mtaa wetu wa Kenya, na nimeweka akiba ya dola 1,500, sehemu kubwa ikitokana na zamu yangu ya likelemba, mchango wa kupokezana tunaofanya na wenzangu. Kijana wa jirani ananihimiza nizitie zote katika mchango wa kwenye simu unaoahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa mwezi mmoja. Mfanyabiashara Mhindi anayeniuzia mafuta alipopata habari hiyo alisema tu, "Mama, kumbuka sumu ilitoka kabla ya amrita." Alikusudia nini?

JIBU: Mama, alikugusia kisa cha Kihindu cha miungu na asura, mahasimu wao, waliosukasuka bahari ya maziwa wakitafuta amrita, kinywaji cha kutokufa. Kama kinavyosimuliwa katika Bhagavata Purana, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mlima Mandara uligeuzwa mti wa kusukia, na nyoka Vasuki akawa kamba, asura wakimshika upande wa kichwa na miungu upande wa mkia. Mara mlima ukaanza kuzama kwa kukosa pa kusimama, hadi mungu Vishnu alipojigeuza kobe akaubeba mgongoni. Kilichotangulia kutoka hakikuwa amrita bali sumu kali, halahala, ambayo mungu Shiva aliinywa na kuizuia kooni, na ndiyo maana huchorwa akiwa na koo la buluu. Lakshmi, mungu wa kike wa mali, alitokea baadaye, na mwisho kabisa Dhanvantari akaleta chungu cha amrita.

Katika kisa hicho mimi humtazama zaidi kobe. Biashara yoyote ya kweli ina sumu yake, nawe umeionja: ukame ulipoikumba Zambia mwaka 2024, unga ulipanda bei Lubumbashi, na aliyekuwa ameingiza fedha zote katika mzigo mmoja hakuwa na cha kumshikilia. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza faida ni kiasi gani, uliza ni kitu gani kitakachobeba mlima hasara ikitangulia. Mchango wa kijana huyo hauna kobe. Haununui wala kuuza kitu; waliotangulia hulipwa kwa fedha za waliofuata, na wanaofuata wakipungua, malipo hukoma. Wakubwa wetu wanaikumbuka Bindo Promotion, mchezo wa fedha wa aina hiyo hiyo, iliyoporomoka huko Kinshasa mwaka 1991 na kuzama na akiba za watu wengi.

Kuhusu neno "zote", Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, ina funzo zito. Yudhishthira, mfalme aliyesifika kwa haki, alicheza kete na Shakuni, akapoteza hazina, ufalme, ndugu zake, nafsi yake, kisha akamweka rehani hata mkewe Draupadi. Hakuwa mjinga, aliketi mchezoni bila kujiwekea mpaka.

Ningekushauri utenge dola 500 zisizoguswa, ziwe za ugonjwa, karo na miezi ambayo mzigo unakwama mpakani Kasumbalesa. Zinazobaki zitie katika kazi unayoijua: nunua mahindi baada ya mavuno bei inaposhuka, yahifadhi pakavu mbali na fukusi, uyasage kidogo kidogo, wala usinunue yote kwa muuzaji mmoja. Na kijana akirudi, mwombe akueleze, mbele ya wenzako wa likelemba, fedha hizo zinanunua nini na zinamwuzia nani.